Kabla Hujauliza Mwenyeji Ni Nani

Kuna siku moja ya ujana wangu haijanitoka akilini, mwanangu, na wewe ndiwe uliyeiamsha juzi, ulipokuja hapa Kaloleni kuniambia chuo kimekukubalia ufanye utafiti wa falsafa juu ya uraia wa wenyeji. Nilikupongeza, kisha nikanyamaza, ukadhani nimechoka. Sikuwa nimechoka, nilishtuka. Neno hilo "mwenyeji" mimi naliogopa.

Nilikuwa mwalimu kijana kule Chawia, nikifundisha watoto haki na wajibu wa raia, na nikiamini kila neno la kitabu. Akaja mtafiti kutoka chuo kikuu, mtu mpole, maneno yake matamu. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, lakini nani humkumbuka simba akiwa amevaa tai? Aliniomba nimpeleke kwa wazee, nimtafsirie Kidawida, lugha yetu. Nikakubali mbio mbio, najiona na mimi nimekuwa mtu.

Nikampeleka kwa mjomba wangu Mwadime, aliyekuwa akitunza pango la ukoo. Zamani, kama ulivyosikia, fuvu la kila mzee wa ukoo lilifukuliwa kaburini na kuwekwa mwambani pamoja na ya waliomtangulia. Makanisa yakaja, desturi ikakoma, lakini mafuvu yangali pale. Siku hiyo wazee wachache walikuwa wameketi uani, na pamoja nao binamu yangu Mwakio, ambaye hakuna aliyemwita. Hapo tu ningejiuliza, kafuata nini huyu? Sikujiuliza.

Mtafiti akawasha kinasa sauti chake. "Kwenu hapa, mwenyeji ni nani?"

Mwakio hata hakungoja nitafsiri. "Mwenyeji ni yule ambaye fuvu la babu yake liko pangoni. Hao wengine wote ni wageni."

"Safi sana," mtafiti akasema, akaandika. Nami nikafurahi, maana jibu lilikuwa fupi, la kuandikwa ubaoni. Lakini mjomba alikuwa akimtazama Mwakio kama unavyomtazama mbuzi aliyesimama karibu na mahindi yako.

Kumbe alikuwa na sababu. Jirani yetu Syombua, mjane wa Kikamba, alikuwa akilima bonde la chini, lile lenye maji. Mumewe alipokewa na babu yetu. Walichinja kondoo, wakala kiapo cha undugu, akapewa mahali pa kujenga. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na hao jembe walilishika kabla mimi sijazaliwa. Lakini mume alipokufa, Mwakio akaanza kulizungukia bonde. Na sasa maneno yake yameingia kwenye mashine ya chuo kikuu! Kesho angekwenda kwa chifu kusema hata wasomi wamethibitisha.

Mjomba hakumgeukia mtafiti. Alinigeukia mimi.

"Mghoi, si wewe ndiwe mwalimu wa uraia? Mtu anatolewa kwake hapa, mwenyewe hayupo, na wewe unatafsiri tu? Nenda kamwite."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikateremka bondeni, nikarudi na Syombua, tope bado miguuni.

Mjomba alikuwa ameleta kibuyu cha pombe ya miwa. Akasema kabla ya neno jingine, kila mtu atatasa. Kutasa, mwanangu, ni kutoa hasira: unapiga funda, unalipuliza nje, na unasema waziwazi kwamba huna kinyongo na walioketi nawe. Ole wake anayetasa kwa uongo. Wazee wakatasa mmoja mmoja, mpaka kibuyu kikamfikia Mwakio. Akasema yeye ameokoka, hagusi pombe.

"Basi tasa kwa maji," mjomba akamwambia.

Mwakio akakumbuka ghafla kwamba ana ng'ombe wa kupeleka mtoni. Akaondoka, na kila mtu pale uani alijua alichoondoka nacho kifuani.

Mtafiti, sijui ni aibu au ni kazi, akamuuliza Syombua, "Mama, wewe unajiona mwenyeji?"

Akajibu kwa Kidawida safi, "Mume wangu nimemzika hapa. Mkiniambia mimi ni mgeni, yeye nimwachie nani?"

Nilitafsiri neno kwa neno.

Syombua alilima bonde lake hadi alipofariki, na wajukuu wake wako pale. Mtafiti aliandika nini? Sijui, kitabu hatukuletewa. Ndiyo maana hata wewe, usinune, nakutilia shaka kidogo.

Nenda ukatafiti, mwanangu. Lakini anayejibu upesi, mchunguze anatazama shamba la nani. Jibu likikupendeza mno, lishuku, na ujishuku na wewe. Na usithubutu kuuliza raia ni nani wakati yule anayetiliwa shaka hayupo. Mwite, mpe kiti, umsikie kwanza. Uraia tunaowafundisha watoto bila yeye ni kumfukuza kwa lugha nzuri, basi.

Mungu akulinde na maneno matamu, ya watu na yako mwenyewe. Akufungulie kila mlango utakaobisha, na utakapotoka, uliyemkuta ndani abaki kwake.