Tulivyomfanya Mzee Mlezi

Nilitoka Tunduru na begi moja, nikalala Songea, nikalala Dodoma, na siku ya tatu jioni nikashuka Usagara, nje kidogo ya mji, nikidhani ndiyo Mwanza. Nilikuwa nimeshaishi miji sita. Kila nilipofika, nilianza kuutamani ule niliouacha.

Kazi niliipata Mwanza, mtaa wa Nyakato, kwenye shirika la wakulima wa pamba. Kwa cheti changu cha kidato cha nne nikapewa ufunguo wa chumba cha kompyuta kubwa: nifute vumbi, niwashe jenereta umeme ukikatika. Chumba cha jirani kilikuwa masjala, na humo alikaa mzee mmoja na makabati ya kadi za wanachama. Kila asubuhi nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, kisha akanimiminia chai.

Mwaka wangu wa tatu uongozi ukaamua tuhamie kwenye wingu, yaani taarifa zetu zikae kwenye kompyuta za watu wa mbali, sisi tuzifuate kwa mtandao. Akaja mtaalamu kutoka Dar es Salaam, kijana mcheshi, akasema kabla hatujagusa waya lazima kila mtu ajue kazi yake.

Siku moja kabla ya kikao cha kugawana kazi, mzee aliniita masjala. Akatandaza kadi kumi na nne za kitongoji kimoja cha Misungwi. Zote zilikuwa na namba moja ya simu, ya jirani yao mwenye simu.

"Kompyuta itajuaje kuwa hawa si mtu mmoja?" akaniuliza. "Mwanangu, kesho niandike kwenye kuhakiki majina. Sitaki kingine."

Nikaahidi.

Mwandiko wangu ni mzuri, kwa hiyo makapeni niliishika mimi, mbele ya karatasi kubwa ukutani. Tulipofika kwenye kuhakiki nikamtaja mzee. Meneja, mama mpole aliyemheshimu kama baba yake, akatikisa kichwa.

"Jamani, mzee wetu tutamtumaje kama mtoto? Yeye awe mlezi wa timu."

Watu wakapiga makofi. Mtaalamu akatania kwamba mlezi hana kazi, ana soda tu. Mzee naye akacheka; angekataaje heshima mbele za watu? Kisha akaniangalia. Nikaandika MLEZI juu kabisa, nikaweka jina lake, nikapiga mstari. Kuhakiki akapewa dada wa mapokezi. Mimi nikapewa kazi ya karatasi: taarifa zikishahama, kadi zote nizichome.

Wiki ile mzee alifungua vikao kwa sala na kuvifunga kwa sala. Katikati alijaribu kusema mara moja, meneja akamwomba apumzike, vijana wapo. Nilimuuliza dada wa mapokezi kama amehakiki. Akasema orodha ameiona, ila hajui ailinganishe na nini. Nikaenda kwa mtaalamu. Akanijibu vizuri tu kwamba kila mtu afanye la kwake, ndiyo maana tuligawana. Mfumo mpya ulimtambua mwanachama kwa namba yake ya simu. Tulipoambiwa kazi ya kuhama imekamilika, tukala pilau. Nilichoma kadi nyuma ya ghala siku mbili nzima.

Mvua zilipokaribia, akaja mama mmoja kutoka kile kitongoji kuchukua mbegu. Kwenye skrini alikuwepo jirani yake peke yake.

"Nimelima na ninyi miaka yote," alisema taratibu. "Leo sipo?"

Aliondoka na gunia tupu alilokuja nalo. Hakuna aliyemlaumu mwenzake, maana kila mmoja alikuwa ametimiza kilichoandikwa ukutani.

Chumba changu kilikuwa kimebaki meza na feni. Asubuhi niliyoondoka, masjala ilishakuwa ukumbi wa mikutano, na mzee alikuwa kwenye benchi la mapokezi na daftari, anaandika majina kwa kukumbuka. Nikamwamkia.

"Marahaba. Kumi na wawili ninao," alisema. "Wamebaki wawili, mama na binti yake, nyumba ya mwisho kabla ya mbuga. Kadi zao hukuziona?"

Zilipita mikononi mwangu zikienda motoni, na sikusoma hata moja. Nikamwambia sikumbuki. Nikaweka ufunguo kando ya daftari lake, nikaenda kutafuta basi.