Wasichana Wanne wa Langoni

Juzi binti yangu alirudi kutoka shule akirukaruka: kachaguliwa kuwarashia wageni marashi siku ya wazazi. Nikampongeza, kisha nikaingia jikoni nikajishughulisha na sufuria zilizokuwa safi tayari. Wewe uliyesoma Mombasa miaka ile ya tisini huenda ukanielewa.

Shule yetu ilikuwa Ganjoni. Siku ya wazazi ikikaribia, darasa lilinuka rangi mpya, na nyumbani kwetu Mji wa Kale bibi alikanda unga wa mahamri huku akiniuliza kama nimeshachaguliwa. Wasichana wanne walikuwa wakisimama langoni: wawili na mirashi ya kunyunyizia marashi, wawili na sahani za vikuba vya asumini vya kuwabandika akina mama kifuani. Ilikuwa heshima ya mwaka mzima, jamani! Mwalimu alitusikiliza mmoja mmoja tukikariri maneno ya makaribisho, akatia alama daftarini.

Mwenzangu wa dawati alitoka Majengo, wazazi wake watu wa Kaloleni, na mamake alisuka vikuba hivyo hivyo vya kuuza. Alikariri bila kukwama hata mara moja. Mimi nilisahau mstari mzima. Majina yaliposomwa, mimi nimo, na yeye akaambiwa akasaidie kuosha vikombe.

Akasimama.

"Mwalimu, nimekosea wapi?"

Hakuuliza kwa ujeuri, alitaka kujirekebisha tu. Mwalimu akafungua daftari amwonyeshe kosa lake. Akateremsha kidole, akakipandisha tena. Akatutazama sisi wanne tuliosimama mbele, weupe sote, nywele zimelala. Kisha akautazama mkono wake mwenyewe juu ya daftari, mweusi kama wa yule msichana.

"Hukukosea, mwanangu," alisema. "Nimekosa mimi. Nimechagua rangi, wala sikujua kama nachagua rangi."

Tulidhani ataibadilisha orodha. Hakuibadilisha. Ilikuwa imeshafika kwa mwalimu mkuu, na mama zetu wameshatushonea nguo. Nami kinywa nilikuwa nacho, ningeweza kusema mpeni nafasi yangu, lakini nililipenda mno gauni langu. Siku yenyewe wageni walinisifu uzuri, na kila nilipopita karibu na jikoni nilisikia vikombe vikigongana. Naona haya mpaka leo.

Mwaka uliofuata mwalimu alimwita yeye wa kwanza, kabla ya kumsikiliza mtu yeyote. Alimwita kama anayeomba. Mwenzangu akainamisha kichwa.

"La, mwalimu. Waweke wao. Wao ndio wapendezao."

Mwalimu alimbembeleza, akamshika mabega, mwisho akalia mbele yetu. Haikusaidia kitu.

Shule ile haipo tena, pamejengwa maduka, na mwalimu simjui aliko. Mimi na mwenzangu tulikaa dawati moja hadi darasa la nane. Katika miaka yote hiyo sikumsikia tena akimuuliza mwalimu swali lolote.