Albamu Iliyosemwa Inachelewa

Jumamosi, kwenye kibanda cha kuingizia nyimbo kwenye simu pale stendi ya Sumbawanga, vijana wawili walibishana kuhusu albamu ya pili ya bendi ya hapa kwetu, ile inayochanganya ngoma za Kifipa na magitaa ya fujo.

"Mbovu, mshikaji! Ngoma inachelewa, gitaa linaiacha," alisema mwenye kofia.

"Hiyo ndiyo bora kuliko zote!" Mwenzake akaongeza sauti ya spika.

Mama mmoja aliyesubiri basi la Namanyere akatua kiroba chake cha ulezi.

"Shikamoo mama. Tunakupigia kelele?" aliuliza yule wa spika.

"Marahaba. Haichelewi hiyo. Tukipura ulezi, fimbo yako haishuki mpaka ya mwenzako iinuke. Ukiwahi, mnagongana."

Akainua mikono, akapura hewa kwa kufuata ngoma. Mtetezi wa albamu akapokezana naye, kisha kibanda kizima.

Mwenye kofia akaivua. "Niwekee yote," akamwambia muuzaji.

Mwenzake akarusha ngumi juu kama aliyefunga bao la ushindi.

Mimi nilipura kimyakimya. Ni safu yangu hii hii ya gazeti iliyowahi kuandika kwamba ngoma ile inachelewa. Siku ile niliisikiliza nimekaa.