Sweta za Kijani Kule Kimulot

Meneja aliponikabidhi kazi ya kuchagua nguo zenye nembo ya kampuni, nilidhani ameona nina ladha. Kumbe ni kwa sababu nilikuwa karani wa stoo na mchana nilikuwa nasinzia. Kampuni yetu ya majani chai ilikuwa imefungua kiduka cha wafanyakazi karibu na kiwanda, tukaletewa sampuli kutoka Nairobi. Fulana za manjano nilizikataa. Miaka ile fulana za namna hiyo ziligawiwa bure kwenye kampeni, na nani angelipia? Sweta za maruni zilinikumbusha shule ya msingi. Halafu nikaiona ya kijani kizito, yenye viraka vya kitambaa mabegani na viwikoni, na jani la chai limetariziwa kifuani. Niliivaa, nikajitazama kwenye kioo cha dirisha, nikajiona mkurugenzi. Nikaagiza hiyo tu.

Hakuna aliyenunua. Watu waliingia, wakaishikashika, wakanunua sabuni, wakaenda zao. Mama aliyeuza pale dukani akaniuliza, "Wewe hii ulichagua ukiwa mzima kweli?" Iliniuma sana, nikaamua kuzitangaza mwenyewe.

Nafasi ilikuja Jumamosi niliyokwenda Kimulot kuchumbia. Msichana mwenyewe nilimpenda mpaka nikawa nakosea kuhesabu magunia. Lakini baba yake alikuwa mgumu, alikuwa ameshamfukuza mwalimu mmoja aliyetangulia kuchumbia, na nilijua nikimuudhi siku hiyo sina bahati nyingine. Kwa hiyo nikamvalisha mjomba wangu sweta, nikamvalisha kaka yangu sweta, na yangu nikaipiga pasi. Tukashuka mstari mmoja kwa njia ya mkato, ile inayopita ukingoni mwa msitu.

Mbwa akabweka. Nikaona mtu mzima anaruka ua nyuma ya nyumba, kofia mkononi, anapotelea kwenye chai. Mama wa boma akatoka, na kabla hatujasalimia akasema:

"Mzee hayuko. Ameenda Bomet tangu jana. Na hiyo mianzi tulinunua."

Nikautazama ua. Ulikuwa mpya, wa mianzi mibichi kabisa. Walikuwa wameujenga kwa ajili ya wageni wa siku hiyo, yaani sisi.

"Mama, sisi si watu wa msitu," mjomba akasema. "Tumekuja kuomba msichana."

Akakagua mabega yetu, mmoja baada ya mwingine. "Sasa nguo ya askari wa msitu mmetoa wapi?"

Nilitaka kulia. Mzee alifuatwa huko kwenye chai, akarudi ameloa mvua, matope mpaka magotini, akaketi bila kutusalimia. Tuliletewa mursik, maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu. Mwishowe akanyoosha kidole kifuani pangu.

"Nani alichagua hii nguo?"

"Ni mimi, mzee."

"Wewe mwenyewe? Hakuna mtu alikulazimisha?"

"Hakuna."

"Lete."

Nikaivua. Akaivaa juu ya shati lake lililoloa, akatoka mpaka kwenye ua, akasimama kimya, mikono nyuma. Ng'ambo, msituni, shoka la jirani lilikuwa likilia. Likanyamaza. Kisha tukasikia mtu akitimua mbio kuelekea bondeni, na ndoo ikibingirika nyuma yake.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Alipoingia ndani alikuwa bado anapangusa machozi.

"Msichana utapewa," akaniambia. "Lakini hii inabaki."

Nilirudi nyumbani na shati pekee, kwenye mvua, nikitetemeka kwa baridi na furaha, mjomba amekataa kabisa kuniazima yake. Wiki hiyohiyo habari ilienea, na wafanyakazi wenye jamaa Kimulot wakamaliza sweta zote dukani. Meneja akanisifu mbele ya watu kwamba nina jicho la nguo, nami nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyezoea kusifiwa.