Upepo Uliogeuza Maji ya Bwawa

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa koti la marehemu baba, kwa kuwa Timau ni baridi, na Bwana Samaki akaniambia nilivue. Ndivyo tulivyomwita Mzungu aliyesimamia samaki wa serikali upande ule wa mlima. Alinisimamisha mtoni, maji yakifika magotini, karibu na mahali pa kutotolea vifaranga vya trauti, samaki wa maji baridi, akaniuliza nasikia nini.

"Baridi, bwana."

"Vizuri. Maji baridi hushika hewa nyingi, na samaki hupumua hewa iliyo ndani ya maji. Sisi hatufugi samaki. Tunafuga maji."

Nilitoka Kiirua nikiwa na masomo machache. Kwetu samaki hakuwa chakula. Wazee walimhesabu pamoja na nyoka. Mama alipojua kazi yangu alinitengea kikombe changu peke yangu, na sikumlaumu.

Wakati wa Emejensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, nilihamishiwa nyanda kavu za Embu, kwa Wambeere, nitunze bwawa jipya. Watu walikuwa wameondolewa makwao na kukusanywa katika kijiji kimoja chenye uzio na handaki. Serikali ilitia perege bwawani ili wapate kitoweo. Hawakumgusa, kwa kuwa kwao pia samaki alikuwa mwiko. Mlinzi wa bwawa alikuwa Mzee Ireri, mrina asali, mmoja wa wazee waliosuluhisha kesi na kubariki vijana wa tohara. Kila asubuhi alinisalimu hivi, akiniita kwa kabila langu:

"Mumeru, nyoka wako wameamka?"

"Wameamka, baba. Wanakusalimu."

"Waambie wananichafulia maji."

Bwana Samaki alikuja kutukagua mara kwa mara. Aliwahi kufanya kazi Pwani, na siku moja alipuliza chai yake, utandu wa maziwa ukasogea hadi ukingo wa pili wa kikombe. "Tazama hapa karibu nami," akasema. "Maji ya juu yameondoka, ya chini yamepanda. Pwani, kuelekea kwa Wasomali, upepo wa kusi husukuma maji ya juu mbali na ufuko, na yale ya chini, baridi na yenye rutuba, hupanda kushika nafasi yake. Vijimea vidogo vya baharini hustawi, dagaa huvila, samaki wakubwa huwafuata dagaa. Bahari ikitulia, wavuvi huvuna."

Nikamuuliza kama bwawa letu ni hivyo hivyo.

"Ni hivyo, lakini bwawa ni dogo, na chini yake mna matope yaliyooza. Maji ya chini hayana hewa. Yakipanda kwa mpigo, samaki hukosa pumzi. Watakaopona watanenepa baadaye, kwa maana mbolea nayo imepanda."

Mwaka ule joto lilikuwa kali na maji yalitulia kama mafuta. Kisha majira ya baridi yakaingia na manyunyu, na upepo mkali wa kusini mashariki. Asubuhi moja tulikuta perege wamegeuza matumbo juu ufuko mzima, kuanzia upande upepo ulikotoka. Maji yalinuka mayai yaliyooza.

Homugadi, askari wa kijiji waliowekwa na serikali, walipeleka habari kwamba maji ya kijiji yametiwa sumu. Walipekua nyumba ya Ireri wakapata chungu cha sumu ya mishale, kitu ambacho kila mwindaji wa kule alikuwa nacho. DO, ofisa wa serikali wa eneo lile, alifika, akauliza ni nani aliyekuwa akisema samaki wanachafua maji.

"Ni mimi," Ireri akasema.

DO akatangaza kwamba mzee atapelekwa kizuizini, na ng'ombe wa kijiji watachukuliwa. Bwana Samaki aliwasili wakati homugadi wanawaswaga ng'ombe kuelekea langoni. Alieleza habari ya upepo kama alivyonieleza mimi.

"Upepo siwezi kuutia pingu," DO akajibu. "Wakubwa wangu wataniuliza ni nani, hawataniuliza ni nini."

"Basi tuwale. Kama ni sumu, utatuzika," Bwana Samaki akasema.

Nikachoma perege wawili kati ya wale waliokufa. Bwana Samaki akala, nami nikala. DO akasema, "Ninyi ni watu wa samaki. Ale yeye."

Nilimkatia Ireri nyama ya mgongoni. Aliwatazama ng'ombe, halafu akaniinamia.

"Mumeru, kitu hiki unakipitishaje kooni?"

"Kina miiba, baba. Tafuna polepole."

"Mwaka huu nimetafuna mambo magumu kuliko mwiba," akasema, akameza.

DO alivuta sigara yake hadi ikaisha. Mzee alikuwa bado amesimama. Ng'ombe wakarudishwa, na Ireri akaachwa aende nyumbani.

Wazee wenzake hawakumtukana hata kidogo. Walimwonea huruma. Lakini mzee aliyekula mwiko hawezi kubariki mtu mpaka atakaswe kwa mbuzi, wenzake wote wakiwa wameketi pamoja, na siku hizo kuketi pamoja bila kibali kulikuwa kosa. Nilikwenda na Bwana Samaki kuwaombea kibali. "Baraza la wazee kwa sababu ya samaki mmoja?" DO akasema. "Hapana."

Vijana walipotahiriwa, Ireri alisimama mbali, kando ya uzio. Aliendelea kunisalimu asubuhi, ila hakuuliza tena habari za nyoka. Bwawa likageuka kijani, perege waliosalia wakanenepa, na njaa ilipozidi watoto wa kijiji wakaanza kuwala, wajukuu wake wakiwemo. Hakuwakataza. Alikufa kabla Emejensi haijaondolewa.

Ilipoondolewa, nilikuwa nimerudishwa Timau. Wazee wakaniita, kwa sababu walitaka kumtakasa marehemu na mimi ndiye niliyempa nyama ile. Mwanawe mkubwa alinipokea njiani. "Sema alitema," akaniomba. "Utampunguzia aibu."

Tuliketi. Mzee mmoja akaniuliza, "Alikula kwa kupenda?"

"Hapana."

"Alitema?"

Nilimtazama yule mwana, kisha nikasema, "Alimeza. Ng'ombe wenu walikuwa langoni."

Walichinja mbuzi, wakataja jina la Ireri katikati yao, na mwanawe akalia mbele za watu bila kujificha.

Nilitumikia samaki mpaka nikastaafu. Mmeniuliza, vijana wa idara ya samaki, kama kweli upepo huua samaki. Huua, na hulisha. Pimeni hewa ya maji kabla ya kumshuku mtu. Mimi bado nakula samaki. Ila majira yale ya upepo yakifika siwagusi, na mke wangu alishaacha kuniuliza.