Mkia wa Gauni la Mahameli

Kwa miaka thelathini na mbili Fundi Mkuu alishona makoti na suruali, na hakuna aliyethubutu kumfundisha kazi. Jina hilo alijipachika mwenyewe. Watu walimwachia, maana suruali zake zilikuwa hazichaniki.

Juma moja kabla ya kuolewa, binti wa jirani alimletea mahameli ya zambarau, kitambaa alichoachiwa na marehemu mama yake. Alitaka gauni lenye mkia mrefu. Fundi alipoona kitambaa hakitoshi, akapanga kipande cha mbele kikitazama juu na cha mgongo kikitazama chini, kama alivyozoea kwenye suruali.

"Baba, mahameli haikatwi hivyo," alisema mke wa mwanawe, aliyekuwa akishona vifungo pembeni.

"Mkasi huu umekuzidi umri, mwanangu," alimjibu, akakata.

Alipounganisha na kulitundika gauni dirishani, mbele kulikuwa zambarau, mgongo karibu mweusi. Kitambaa kingine kama kile hakikuwepo dukani, na aliyekinunua alikuwa kaburini.

Angeweza kukisingizia kitambaa. Mafundi tunawajua, hawakosi la kusema! Lakini yeye aliinuka, akamsogezea mkwewe kiti chake.

"Kaa hapa, mama. Nifundishe. Polepole tu, kichwa changu kigumu."

Mkwe hakumcheka. Aliushika mkono wa mzee, akaupitisha juu ya kitambaa. "Unasikia manyoya yanavyolala? Ukiyageuza, na rangi inageuka."

"Kumbe!" Alirudia mara tatu, kama mtoto aliyeonyeshwa saa.

"Mkia ni mpana, Baba. Tukiukata, mgongo mpya unatoka humo humo."

"Basi nitamwambia mwenyewe kwamba mkia nimeuua mimi."

Akaenda. Binti alinuna, akalia kidogo, kisha akakubali. Mkwe akachora, Fundi akakata, na kila mara kabla ya kukata aliuliza, "Hivi?"

Binti alipokuja kulijaribu, gauni lilikuwa rangi moja tangu begani hadi miguuni. Alijipapasa kwa mikono yote miwili, akasema mama yake angefurahi. Akamgeukia mzee amshukuru.

"Mshukuru mwalimu wangu," alisema Fundi, akimwonyesha mkwewe. "Miaka yote hii nilidhani nimemaliza kujifunza. Mungu ambariki aliyeniletea huyu nyumbani."