Samaki Ukutani Mwangu

Dimbwi la nyuma ya boma letu, nje kidogo ya Kakuma, nililiona mimi kwanza, nikinywesha mbuzi. Lakini mgeni mmoja mchunguzi wa samaki alipokuja, dada yangu ndiye aliyemwonyesha wale wadogo wa urefu wa kidole, madume wenye mikia myekundu. Alisifiwa mpaka chakula kikanishinda.

Kiangazi kilipokausha dimbwi, samaki wote walikufa, nami nikafurahi. Nilichimba udongo wake, nikakandika ukuta wa chumba changu. Sasa tuone atamwonyesha nani nini!

Mgeni akarudi. Safari hii alitaka udongo mkavu, kwa sababu mayai hulala humo yakingoja mvua, ndipo samaki wazaliwe tena. Dada alitazama shimo tupu, akanitazama mimi, kisha akamleta moja kwa moja chumbani kwangu.

“Wako hapa,” akasema, akigonga ukuta.

Mgeni alipiga magoti, akabandua kipande kikubwa kama sahani, akakitia mkobani taratibu kama anayebeba mtoto. Tundu lile linapitisha upepo hadi leo. Na shukrani? Alimpa dada.